Mwonjaji wa Bia Katika Baa Mpya

Tarehe 9 Machi 2019, siku ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni, mwonjaji mstaafu wa kiwanda cha bia aliingia katika baa mpya ya mtaani kwao na kuketi kwenye meza ya watu wawili. Hilo limethibitishwa na mhudumu aliyempokea: anakumbuka kwamba mzee aliweka kofia juu ya kiti cha pili, kisha akaiondoa upesi, kama mtu aliyegundua kuwa amemfungia mgeni mlango.

Kiu hakuwa nayo. Mkewe alikuwa amefariki mvua zilizopita, na asubuhi hiyo binti yake, afanyaye kazi mji mwingine, alikuwa amempigia simu.

"Baba, utaongea na kuta mpaka lini?"

"Mpaka zinijibu."

"Toka basi, ukakae na watu. Ukimpata hata mmoja wa kuongea naye, nami nitapata usingizi."

Akaahidi, na ahadi ni deni.

Baa yenyewe ilijitahidi. Zamani ilikuwa duka la vipuri vya magari, na harufu ya oili ilikuwa ingali imejibanza chini ya harufu ya vitunguu vilivyokaangwa. Balbu zilining'inia bila vifuniko. Vyakula viliandikwa ukutani kwa chaki, kwa majina marefu kuliko vipimo vyake. Muziki ulikuwa wa chini, jambo alilolishukuru. Kila meza ilikuwa na watu wake: hapa watoto wakigombea viazi, pale wachumba wakinong'onezana. Mzee aliona kwamba pahali palikuwa pazuri, kwa aliyekuja na mtu.

Ndipo akasimama mbele yake dereva wa malori, mstaafu naye, glasi mkononi.

"Mzee mwenzangu, kiti hiki kina mwenyewe?"

"Kilikuwa kinakungoja wewe."

Wakacheka. Wakaulizana kazi walizofanya, na dereva akapiga paja. "Kumbe! Wewe ulilipwa ili unywe, mimi nikalipwa ili nisinywe, na mvi tumeota sawasawa. Haya, bia yako hiyo inakuja. Onja utuambie, hii ni bia au tumeuziwa povu?"

Katika chumba cha kuonjea kule kiwandani, kila mwonjaji alikaa kwenye kibanda chake. Kusema kulikatazwa, na kukunja uso vilevile, maana uso wa mmoja huharibu ulimi wa jirani. Glasi ikishainuliwa, mtu alikuwa jiwe hadi ladha ya mwisho ipite. Mzee alikuwa ameishi hivyo tangu ujana wake. Akaiinua glasi kwenye mwanga, akanusa, akanywa funda, akafumba macho. Kimea kilikuwa kimekaangwa vizuri na uchungu ulikuwa safi, ila nyuma yake palikuwa na kiharufu cha siagi: mipira ya kupitishia bia kutoka kwenye pipa haijaoshwa. Akaendelea kungoja.

"Mama watoto hakutaka hata kulisikia neno baa," dereva alisema, taratibu sasa. "Leo hayupo wa kunikataza, na hamu yenyewe imekwenda naye."

Mzee alisikia kila neno. Moyoni alikuwa ameshajibu, lakini kinywa kilikuwa kazini, na uso ulikuwa mkavu kama ubao.

Dereva alingoja. Akatazama glasi yake, akaguna kidogo. "Samahani, mzee mwenzangu. Nimekujazia maneno." Akaondoka.

Mzee alipofumbua macho, aliyesimama mbele yake alikuwa mhudumu.

"Bia vipi, mzee?"

"Nzuri. Osheni mipira. Yule bwana yuko wapi?"

"Amelipa kaunta sasa hivi."

Akatoka nje kichwa wazi, akatazama barabara huku na huku. Palikuwa na watu wengi, na migongo ya watu hufanana. Akarudi kumalizia bia ambayo povu lake lilikuwa limekwisha.

Binti alipopiga simu tena, aliuliza kama baba amempata mtu. "Nilimpata," mzee alisema.

Jina la dereva halikuulizwa wala nyumba yake. Haijulikani kama aliondoka kwa kuudhika au kwa haya, wala kama amewahi kurudi katika baa ile.