Njia ya Kiboko

Harufu ya ndagala, wale dagaa wakavu, ikinipata sokoni, narudi mara moja kimawazo kwa bibi, kwenye kijiji chake cha ukingoni mwa ziwa, upande wa Gatumba.

Mgeni akija, bibi alimtembeza kabla hata ya kumpa chai. "Hii robine yetu," alisema kwa majivuno, akifungua maji kidogo ili ayaone. "Ile duka. Hii benchi ya kupumzika." Nami nyuma yao, nyayo zikiungua mchangani.

Kando ya nyumba yake paliachwa uwazi mpana. Hakuna aliyejenga hapo, wala kuanika samaki.

"Bibi, mbona hapa patupu?"

"Apana patupu, mutoto wangu. Hii njia ya kiboko. Babu zake walipita hapa mbele ya sisi kufika. Mutu anajenga, lakini anamwachia jirani njia."

Juzi nilimpeleka binti yangu akaone kijiji. Maji ya ziwa yalikuwa yamekifunika chote hadi barabarani, yametulia. Nikamwonyesha kwa kidole: robine pale, duka pale, benchi pale.

"Na nyumba ya bibi yako?"

Kabla sijajibu, kiboko aliinua pua, akapumua kwa kishindo, kisha akazama polepole, akifuata njia ileile aliyoachiwa.