Nyumba ya Sampuli

Kinyozi hajinyoi, hilo tunalijua, lakini huyu fundi mwashi alipitiliza. Nyumba yake aliijenga kwa mabaki ya nyumba za watu. Ukuta wa mbele tofali za kuchoma, wa kulia tofali za saruji, wa kushoto mawe, wa nyuma udongo uliopigwa lipu. Paa nusu bati, nusu vigae alivyoachiwa na mstaafu mmoja aliyekosea hesabu. Mteja akishindwa kuchagua, fundi anamleta kwake: gusa huu, haya, gusa na huu. Mtaa ukaipa nyumba jina la Sampuli, na mwenyewe wakamwita hivyohivyo.

Mkewe alivumilia. Yuko zake anakula, mtu asiyemjua anaingia, hodi yenyewe ya kulazimisha, anaanza kugonga ukuta juu ya kichwa chake. Miaka kumi na moja! Ila kilichomchosha hasa kilikuwa chini ya miguu. Kuta zilijengwa kwa ajili ya wateja, na paa pia. Sakafu hakuna mteja aliyewahi kuiulizia, basi ikabaki udongo mtupu. Kila asubuhi mama wa watu ananyunyiza maji na kufagia, na kila jioni vumbi limesharudi kitandani.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia mumewe siku anafunga mizigo. "Wewe huogopi, kujenga ukuta ndiyo kazi yako."

Akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili. Alipofika mlangoni aligeuka. "Watu wa sensa wanakuja mwezi ujao. Wakikuta udongo humu, mimi nisihesabiwe humu."

Fundi akacheka, akadhani ni hasira za kupita. Wiki ya kwanza aliona raha ya kutosemwa. Ya pili akawa anasahau kula. Ya tatu hakukalika tena: anapanda ngazi kwa mteja, anashuka kunywa maji, anapanda, anapima ukuta alioupima muda si mrefu, anaigombeza pimamaji kana kwamba inamdanganya. Gari la matangazo likipita na spika yake, jiandae kuhesabiwa, jiandae kuhesabiwa, anaacha kazi na kuanza kuhesabu siku kwa vidole.

Sasa utaniuliza, kwa nini hakuipiga hiyo sakafu mapema? Hata mimi ningemuuliza. Kila siku kulikuwa na mteja mwenye haraka kuliko yeye, na fundi huyu kumkatalia mteja hakujaaliwa.

Ikabaki siku moja. Asubuhi hiyo hakwenda kazini. Alitoa kitanda, kabati na masufuria yote uani, akachanganya zege peke yake, akamwaga, akasawazisha, akapiga mwiko kwa magoti mpaka jua likazama. Sakafu nzuri kama ile hakuwahi kumpigia mtu. Akasimama kizingitini kuitazama, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Sakafu mbichi hailaliwi. Jambo analowakaripia wateja kila wiki, yeye kalisahau siku ambayo ndiyo ilikuwa na maana. Ikabidi alale kibarazani kwa jirani.

Kulipokucha karani wa sensa akaja, mwalimu wa chekechea, kishikwambi kakikumbatia kifuani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Andika sakafu ni ya saruji."

"Tutafika huko. Kuta ni za nini?"

"Ukuta upi?"

"Kwa sehemu kubwa."

"Hakuna sehemu kubwa. Zote zinalingana, nimezipima mwenyewe."

Karani akaizunguka nyumba nzima, akarudi akijikuna kichwa. "Kuna mahali pameandikwa 'nyinginezo'. Nitakuweka hapo."

Nyinginezo! Fundi aliona ametukanwa, lakini akameza. Yeye haja yake ilikuwa sakafu.

"Haya. Usiku wa kuamkia leo, walilala wangapi humu ndani?"

Fundi akatazama sakafu, akatazama kitanda kilichosimamishwa uani. "Hakuna. Mimi nililala kwa jirani."

"Basi wewe unahesabiwa kwa jirani, kama mgeni. Hapa naandika nyumba haina watu."

"Lakini ni nyumba yangu."

"Najua, fundi. Sensa inauliza nani kalala, haiulizi nyumba ya nani."

Aliumia, tena vibaya. Akaenda nyuma ya nyumba akarudi, akachukua mwiko akauweka chini, akauchukua tena. Wiki kadhaa anaihangaikia siku hii, na sasa nyumba yake imeandikwa haina watu.

Akiwa katika hali hiyo mkewe akatokea, anatembea kwa kasi, ndala zimejaa vumbi. Hakumsalimia mtu. Alisimama mlangoni, akainama kuitazama sakafu upande na upande.

"Umepiga lini?"

"Jana."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mbona huku imelala kidogo? Umekosea?"

"Sijakosea. Ni mteremko, maji yatoke yenyewe ukideki. Usiwe unainama kuyachota na tambara, mgongo wako unaujua mwenyewe."

Mwanamke akamgeukia karani. "Mwenzako yuko kwa dada yangu ananisubiri. Tumefika kwenye hali ya ndoa, nimeolewa au nimetengana. Nikamwambia ngoja kwanza nikatazame kitu. Anasema kishikwambi hakiendi mbele bila jibu. Nimemwachia chai."

Karani akajifanya anasoma.

"Itakauka lini?" mke akamuuliza fundi.

"Inamwagiliwa maji siku saba, asubuhi na jioni. Sasa mimi leo nina lipu ya mteja kule..." Akajisikia mwenyewe, akaacha. "Siendi. Mteja atasubiri."

Mkewe alimtazama kwa muda, maana neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka katika kinywa kile. Akaenda uani, akapekua kwenye masufuria, akatoa ndoo na kumkabidhi.

"Mwagilia ya asubuhi."

"Na huyo karani unakwenda kumjibu nini?"

"Ya jioni niachie mimi," akasema, akageuka kuondoka, chai ya watu isije ikapoa.