Kaka Yangu na Maji ya Bahari

Kaka yangu alirudi nyumbani Mbumbuni baada ya miaka saba kwenye meli za uvuvi za kigeni. Alikuwa fundi wa injini. Alirudi amekonda, na upande wa kushoto wa shingo alikuwa na uvimbe mdogo ambao alisema hauumi.

Jumapili ya pili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Meli yao, alisema, ilivua kwa muda mrefu karibu na nchi ambayo mtambo wake wa nyuklia uliharibika, na maji yenye mionzi yakamwagika baharini.

"Tulikula samaki wa pale," alisema. "Hata maji ya kunywa meli ilikuwa inayatoa baharini, inaondoa chumvi tu. Hakuna aliyetuambia kitu mpaka tulipofika bandarini tukapimwa. Lakini Mungu amenirudisha."

Watu wakasema amina. Nami nilisema, nikiwa kwenye kwaya.

Mto wetu hauna maji sehemu kubwa ya mwaka. Wanakijiji walijenga ukuta wa mawe kuzuia mchanga, na maji hubaki chini ya ule mchanga. Kila mtu huchimba na kuchota hapo. Alhamisi ya wiki ile watu watatu wa kamati ya maji walikuja kwetu. Aliyewaongoza alikuwa mwenyekiti wao, mama aliyesali na mama yangu tangu wakiwa wasichana.

"Mwalimu, wewe unafundisha sayansi," aliniambia. "Hiyo kitu ikiingia kwa maji, inatoka?"

"Ile ilikuwa bahari, mama. Ni mbali sana."

"Mimi nauliza kama inatoka."

"Inachukua miaka mingi," nikasema.

Jibu lilikuwa la kweli, lakini ndilo lililotuharibia. Nilijaribu kueleza kwamba mtu aliyekunywa maji yale hawezi kuchafua mto kwa kufua shati. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaomba kaka asishuke mtoni na nguo zake zisifuliwe kule. "Si kwa ubaya," mwenyekiti alisema, na naamini hakuwa na ubaya.

Jioni hiyo, nikiosha vyombo, nilijikuta nimeweka kikombe cha kaka peke yake dirishani. Kaka alikuwa mlangoni, akaniona. Tangu siku hiyo alikunywa kwa kikombe hicho tu, na alikiosha mwenyewe.

Nilimpeleka hospitali ya mji wa Wote. Walitoa majimaji ya uvimbe kwa sindano, na tuliporudi kuchukua majibu daktari akasema ni saratani ya tezi ya shingo. Nilimuuliza kama ni ile bahari.

"Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana," alisema. "Kuna watu wa hapa wanaupata ugonjwa huu na hawajawahi kuona bahari."

"Na anaweza kuambukiza wengine?"

Alinitazama kidogo. "Hapana, mwalimu."

Nilimwomba aandike hivyo, akaandika na kupiga muhuri. Mchungaji aliisoma barua ile mbele ya kanisa lote, watu wakasema amina tena. Kesho yake asubuhi tulikuta njia ya kutoka kwetu kwenda mtoni imezibwa kwa matawi ya miiba.

Mama hakugombana na mtu. Alichukua punda, akaanza kwenda kuchota kwenye kisima cha ng'ambo ya kilima, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kaka alivumilia kumwona akirudi hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi alikunja nguo zake, akahamia mji wa Kiboko, akapata kazi ya kutengeneza pampu kwenye gereji kando ya barabara kuu.

Alipaswa kwenda Nairobi kupasuliwa. Kila nilipompigia simu alisema atakwenda mvua ikiisha, halafu akasema atakwenda akimaliza kazi fulani. Sauti yake ilianza kukwaruza. Mwishowe alikuwa ananong'ona, na magari makubwa ya barabarani yaliyameza maneno yake, nami nikawa naitikia tu mambo ambayo sikuyasikia. Alifia katika chumba alichopanga. Jirani yake ndiye aliyenipigia.

Kamati ilituma mtu kuomba kaburi lichimbwe juu kwenye mlima, mbali na mto.

"Atalala karibu na baba yake," mama alisema, na hakuna aliyembishia.

Mwenyekiti alikuja mazishini. Alipika na wanawake wengine tangu alfajiri, na alilia kweli, akiwa ameshika mkono wa mama. Mama alimwachia mkono ule ashike.

Sasa miiba imeondolewa, na hakuna anayesema aliiweka. Mama bado anakwenda na punda ng'ambo ya kilima. Nimemwambia, "Mwaitu, mama yangu, magoti yako yameisha, chota hapa karibu." Anaendelea tu kufunga mitungi kwa kamba.

Mimi huchota pale mtoni. Ni karibu, na nina vipindi asubuhi.