Gauni la Mama Tepu

Nyumbani walimwita Mama Tepu, na jina hilo lilikwisha kumganda hata mtaani, kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Alipika nayo na kupokea wageni nayo. Siku moja alifika nayo kazini, kwenye masjala ya hospitali, akashinda asubuhi nzima akitafuta kadi za wagonjwa huku wenzake wakimtazama shingo bila kumwambia kitu. Hilo la kutoambiwa lilimuudhi kuliko tepu yenyewe. Watu wa siku hizi, alisema, wanaweza kukuona unaungua wakakutakia siku njema.

Nguo za nyumba ile alizishona yeye, karibu zote. Alishona magauni ya binti zake wawili, mkubwa aliyekuwa mwalimu wa chekechea na mdogo aliyekuwa bado shuleni. Alishona pajama za mumewe, dereva mstaafu ambaye siku hizi alikuwa akiendesha redio tu. Alimshonea pia dada yake wa kwanza kuzaliwa, Dada Mkubwa, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo na kuingia bila hodi. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga, nyeusi, imekaa chini ya dirisha la sebule, na pedali yake ililalamika kila ilipokanyagwa.

Vipimo vya watu wote viliandikwa kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa kabati la chumbani. Kila mtu alikuwa na safu yake, na kila mwaka namba mpya ziliongezwa chini ya zile za zamani. Safu ya Dada Mkubwa haikuwa na namba hata moja, maana huyo hakukubali kupimwa tangu enzi za ujana wake. Alileta gauni kuukuu akasema, "Kama hili, ila libane kidogo." Mdogo wake alikuwa ameandika mlangoni: Dada, ongeza inchi mbili kwa lolote atakalosema.

Sasa kulikuwa na utaratibu mmoja wa kijinga katika nyumba hiyo, na nauita wa kijinga kwa sababu aliyeubuni ni mwanamke aliyepanga kadi za wagonjwa kwa miaka ishirini na sita bila kupoteza hata moja. Kando ya cherehani palikuwa na kiti kilichoitwa kiti cha foleni. Mwenye kitambaa chake alikiweka juu ya kiti, akasubiri. Lakini kila mtu aliweka chake juu ya cha mwenzake, na Mama Tepu alipokaa kushona alichukua kilicho juu. Kwa hiyo aliyefika wa mwisho alishonewa wa kwanza, na aliyefika wa kwanza alikuwa chini kabisa, akikandamizwa. Aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Tepu mwenyewe.

Kitambaa chake kilikuwa pamba ya kijani iliyokolea, yenye vimaua vyeupe, mita tano. Alikinunua kwa ajili ya siku ya kuagwa. Jumamosi hii angestaafu, angeitwa mbele ya ukumbi mzima kupokea cheti, na angepigwa picha. Katika picha zote za kuagwa kwa wenzake, miaka kumi na moja, Mama Tepu alionekana pembeni ndani ya gauni moja la kahawia. Alikwisha kuapa. "Mimi siagwi na gauni la kahawia," alisema. "Bora nisiende."

Miezi minne kitambaa kilikaa kitini, chini ya rundo. Si kwamba hakikuguswa. Dada Mkubwa alikuja akataka "kakipande tu" cha kola ya blauzi yake. Mume akataka kifuniko cha redio, ili vumbi lisiingie. Binti mdogo akataka foronya. Na nani aliyewakatia? Yeye mwenyewe, kwa mkasi wake mwenyewe, huku akinung'unika kwamba watu wa nyumba hii hawana haya. Kunung'unika alijua. Kukataa ndiko kulikomshinda.

Jumatano, siku tatu kabla ya kuagwa, alipiga moyo konde. Alizibeba nguo za watu zote akazitupa kwenye kochi, akatoa kitambaa chake. Kisha akamwita binti yake mkubwa.

"Njoo nijipime."

Hivyo ndivyo alivyosema siku zote, na hakuna aliyeona kioja. Miaka mingi nyuma, binti alipomaliza kukua, watu walisema mama na mwana wana umbo moja, na Mama Tepu aliyapenda maneno hayo mno. Tangu hapo, alipotaka kujishonea, alimsimamisha binti katikati ya chumba akampima yeye. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho kujishonea ilikuwa lile gauni la kahawia.

Binti alisimama, mikono pembeni. Mama alimzunguka na kitambaa, pini saba zimebanwa midomoni.

"Mama, una hakika bado tuko sawa?"

"Mmh."

"Maana mimi naona kama..."

"Mm-mm."

"Haya. Nimenyamaza."

Alikata jioni hiyo hiyo. Alikuwa na mkono mwepesi, hilo tumpe. Alhamisi alitoka kazini akaunga mabega, akatia mikono na zipu, akapiga pasi mishono, na jua lilikuwa bado lipo alipolitundika gauni mlangoni. Lilikuwa zuri kweli. Shingo ilikaa, kiuno kilikaa, vimaua vilikutana kwenye mshono kana kwamba vimeahidiana. Akaingia chumbani kulijaribu.

Lilipita kichwani na kugota mabegani.

Alivuta chini, likakataa. Akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akapata inchi moja. Akawaita binti zake, mmoja akavuta huku na mwingine akavuta kule, na mama yao katikati, mikono juu, kichwa ndani ya kitambaa. Kutoka sebuleni mume akauliza betri za redio ziko wapi.

"Muulize redio," ilijibu sauti kutoka ndani ya gauni.

Walipomtoa, nywele zimesimama na jasho linamtiririka, alimgeukia binti mkubwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Ulikuwa na pini mdomoni."

"Ungesubiri nizitoe."

"Ukizitoa unatia nyingine."

Mama Tepu akasonya. Akakaa kitandani na gauni mapajani. Kitambaa kilikwisha. Mita tano zote zilikwenda na maji: tatu na nusu kwenye gauni lisilomwingia, nyingine kwenye kola, mto na redio. Ilibaki siku moja. Na kwenye msumari nyuma ya mlango, gauni la kahawia lilining'inia, limetulia, kama mtu anayejua ataitwa tu.

"Tuangalie vipimo vyako halisi, tuone tuongeze kiasi gani," binti mkubwa alisema. Akafungua mlango wa kabati, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Akarudia. "Viko wapi?"

"Vimo humo."

"Havimo."

Mama Tepu akainuka kwa hasira kwenda kumwonyesha. Binti mkubwa alikuwemo tangu ana miaka miwili. Binti mdogo alikuwemo. Mume alikuwemo, pamoja na tumbo lake, mwaka kwa mwaka. Dada Mkubwa alikuwemo kwa maneno. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, paliandikwa: Redio, urefu kumi na nne, upana tisa.

"Redio imo," alisema Mama Tepu.

Akakaa tena. Hasira ilikuwa ipo, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine ambacho hakukizoea, na kiliuma. Hakuwa na wa kumlaumu. Kazini kila aliyewahi kukohoa mbele ya daktari alikuwa na kadi, na kadi hiyo ilikuwa na mahali pake. Hapa kwake hata kifaa cha kusikilizia taarifa ya habari kilikuwa na mstari, na yeye hana. "Nimechoka," alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Binti mkubwa alimsogelea. Alimvua mama yake tepu shingoni, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu, akamzungushia kifuani.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Umenipima mimi au umepima nyumba? Hizo sentimita. Geuza."

"Arobaini na nne."

Mama Tepu akaiinamia tepu kuisoma mwenyewe.

"Rudia."

"Arobaini na nne, mama."

"Umeilegeza."

"Sijailegeza. Pumua kama kawaida."

Mama Tepu akapumua kama kawaida, akatazama dari. "Andika," akasema.

Binti mdogo akaandika, herufi kubwa, zimepinda: MAMA. Chini yake kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono. Binti mkubwa alipima vibaya mara mbili na mama yake alimkosoa mara tano, lakini hakuinyakua tepu. Alisimama akapimwa mpaka mwisho.

Hesabu ilitoka hivi: kila ubavu uongezwe kipande kuanzia kwapani hadi kwenye pindo. Binti mdogo akaenda kuleta foronya bila kuambiwa, akaanza kuifumua. Ijumaa mchana, Mama Tepu aliporudi kutoka siku yake ya mwisho kazini, alimkuta mumewe ameshika wembe, anafumua kifuniko cha redio uzi mmoja mmoja, uso umemvimba.

"Vumbi litaingia," alisema.

"Vumbi likiingia, Mzee, itakohoa. Endelea."

Vipande viliungwa, vikatosha ubavu mmoja na sehemu kubwa ya wa pili. Kwapa la kushoto likabaki wazi. Kilichohitajika kilikuwa kidogo, kiasi cha kola. Akampigia simu dada yake.

"Dada, naiomba ile kola. Leo."

"Kola ya watu? Nimeshaifua, nimeipiga pasi, imenizoea shingo."

"Gauni langu lina tundu kwapani."

"Basi usiinue mkono," alisema Dada Mkubwa, akakata simu.

Mama Tepu akaiweka simu mezani polepole, kwa sababu angeiweka haraka ingevunjika. Miaka yote ya zipu, pindo na inchi mbili za siri ilimpita kichwani. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akalitoa gauni la kahawia, akalitandaza mezani na kulikata upande wa mbele, katikati kabisa, mahali pasipoweza kufichwa. Binti zake macho yaliwatoka pima. Kipande alichohitaji kingepatikana kwenye pindo, wala hapangejulikana. Lakini alitaka kesho asubuhi asiwe na gauni jingine la kukimbilia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Gauni la kijani lilimkaa vizuri, naye aliketi mkono wa kushoto ameubana ubavuni. Dada Mkubwa alikuja, tena safu ya mbele, amevaa blauzi nyeupe yenye kola ya kijani ya vimaua. Alipungia watu. Mama Tepu aliitazama kola ile kwa hotuba tatu nzima, na akiulizwa leo hotuba zilisema nini hawezi kukujibu.

Akaitwa. Akapokea cheti, na wenzake wa masjala wakamkabidhi zawadi, kitambaa cha zambarau, mita sita, kimefungwa utepe. Mpiga picha akamwambia ainue vyote viwili, juu zaidi, kwa mikono miwili. Akasita. Kisha akainua.

Aliporudi kitini, karani mwenzake akamwinamia sikioni. "Hiyo kahawia kwapani ndiyo mtindo mpya?"

"Ni lile gauni la zamani," Mama Tepu akamwambia. "Nalo linastaafu leo." Karani akacheka mpaka watu wakageuka, naye mwenyewe akacheka, na mkono hakuubana tena.

Alasiri, nyumbani, akakiweka kile kitambaa cha zambarau juu ya kiti cha foleni. Nguo zilizokuwa kwenye kochi akazirudisha kitini pia, lakini chini yake. Hakuwa amekaa hata dakika kumi, Dada Mkubwa akaingia bila hodi, amebeba kitambaa kwenye mfuko na gauni kuukuu mkononi.

"Leo ulipendeza," alisema. "Ningekuwa wewe ningetia kola." Akakitoa kitambaa chake akakiweka juu ya kiti. "Kama hili, ila libane kidogo. Nalihitaji wiki ijayo."

Mama Tepu akainuka. Akakichukua kitambaa cha dada yake, akaliinua lile rundo lote, akakiingiza chini kabisa, akaweka cha zambarau juu tena na kukipapasa kikae sawa.

Dada Mkubwa akatazama kiti, akamtazama mdogo wake. "Na hicho cha juu ni cha nani?"

"Cha kwangu."

"Wewe? Kwani wewe una vipimo?"

"Viko mlangoni," Mama Tepu alisema, akaivua tepu na kuikunjua. "Na wewe leo simama hapo, nikuandike."