Mgeni Aliyelia Nasi, Nikampa Ufunguo wa Mdogo Wangu

Admin, nakuomba usinitaje, na majina ya humu nimeyabadilisha, kwa sababu Butembo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mshonaji, ninaishi na mama yangu. Mwaka jana tulimpoteza mdogo wangu. Nimwite Kasereka. Alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Beni. Haya ninayoandika sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Kasereka alikuwa anaandika programu. Alifanyia kazi kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, kwa sababu umeme wa sola ulikuwa kwangu. Akiwaza sana aliokota vipande vya uzi chini na kuvizungusha kidoleni. Siku moja alinieleza kazi yake. Alitunga kipande kidogo cha programu cha kusaidia mashine kuelewa tarehe, maana kwetu mmoja anaandika kwa tarakimu, mwingine kwa maneno ya Kifaransa, mwingine anaanza na mwezi. Alikiweka wazi kwenye mtandao. Watu wa mbali wasiomjua walikichukua bure na kukitia ndani ya programu zao, na akitoa toleo jipya mashine zao zinalivuta zenyewe.

Nilimuuliza, "Na banajua aje kama hautatia kitu mubaya ndani?"

Akacheka. "Yaya," aliniita hivyo kwa kuwa mimi ni dada mkubwa, "bananiamini tu. Sawa vile weye unakulaka chakula mama Kavira anauzisha bila kuingia mu jikoni yake."

Kipande kile kikimaliza kazi kiliandika neno moja: wasingya, ndiyo asante kwa Kinande. Alisema anataka watu wa mbali washukuriwe kwa lugha ya mama yake.

Alipokufa, simu yake ilibaki kwangu. Rafiki yake tangu shule ya msingi, nimwite Muhindo, anafanya kazi kwenye kituo cha afya huko Beni. Yeye hakufika kwenye matanga. Watu walitoka hata Kyavinyonge, kule ziwani, na samaki wao, lakini yeye hakuonekana. Nililiweka moyoni.

Siku zilezile mtu nisiyemjua aliandika kwa Kifaransa kwenye simu ya Kasereka, akiuliza kwa nini amenyamaza. Nikamjibu kwamba amekufa, mimi ni dada yake. Tangu hapo aliandika karibu kila siku. Mama amekula? Mama amelala? Kasereka alipenda wimbo gani kanisani? Nilimsomea mama, naye akasema, "Uyu mutu iko na roho muzuri." Kisha yule mtu akaomba, kwa upole sana, apewe ufunguo wa kazi ya Kasereka ili isife pamoja na mwenyewe.

Siku ya kuondoa matanga tuligawa vitu. Koti lilikwenda kwa mjomba wa Vuhovi, buti kwa jirani aliyechimba kaburi. Muhindo alifika siku hiyo, akanivuta pembeni. "Yaya, ile kazi yake ya ku mtandao, uniachie niichunge."

"Weye ulikuwa wapi wakati batu banalia?"

"Barabara ilifungwa, Yaya. Kulikuwa mapigano."

"Ilifungwa kwako tu?"

 Kwetu, aliyekaa nasi kwenye kilio ndiye anapewa kitu cha marehemu, na mimi niliona yule mgeni alikaa nasi kuliko Muhindo. Nikamtumia neno la siri la Kasereka, lililokuwa limehifadhiwa kwenye simu yake. Aliandika asante. Hajaandika tena mpaka leo.

Miezi ikapita, Muhindo akarudi. Hakuketi. Alisema toleo jipya limetoka kwa jina la Kasereka, na ndani yake kumefichwa maandishi yanayoiba maneno ya siri ya kila mashine inayolivuta. Mashine za kituo chao zililivuta. Wakubwa wake wamemsimamisha kazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekitia kipande kile pale. Na kwenye mtandao watu wanamwita mdogo wangu mwizi.

"Yaya, mutu mwenye alikufa hawezi toa version mupya. Nani alikuwa na mot de passe, ile neno ya siri?"

Mama alikuwa palepale anachambua maharage. Nilimtazama. Nikasema, "Sijue miye. Pengine mwenyewe aliiuzisha mbele ya kufa."

"Kasereka? Kuuzisha?" Sasa Muhindo akaketi. "Donc, basi, sikumujua."

Mama aliendelea kuchambua, lakini mawe na maharage alikuwa anayaweka kwenye sahani moja.

Tangu siku hiyo, katika sala ya chakula, mama halitaji tena jina la Kasereka, analiruka. Wazee wa kanisa walipokuja kupanga ibada ya ukumbusho aliwaambia, "Muache tu. Sina ya kusema juu yake." Mama aliyembeba mgongoni, kwa neno langu moja.

Muhindo anasema wenye mtandao ule wanaweza kumfungia aliyetoa toleo lile, kama mtu ataonyesha jinsi alivyopata ufunguo. Ujumbe wote wa yule mgeni uko kwenye simu ya Kasereka, na simu nimeificha kwenye mfuko wa vifungo. Nikiitoa, Muhindo atajua nilimnyima yeye nikampa mwizi, kwa hasira ya matanga. Na mama atajua nilimchafua mtoto wake mbele ya macho yake ili nijifiche.

Juzi nilimuuliza Muhindo kama kipande kile bado kinaandika wasingya.

"Bado, Yaya. Kinaiba, kinamaliza, kinashukuru."

Ninyi mnaosoma, kunitukana ni haki yenu. Lakini mniambie pia: nimwambie mama kwanza, sisi wawili tu, au nimwite Muhindo wasikie pamoja, au niombe wazee wairudishe ibada nisimame nisafishe jina lake mbele ya wote waliomlilia? Simu nimeitoa, iko kwenye chaji juu ya meza ya kukatia. Imeshawaka. Mama yuko jikoni. Nianzie wapi?