Silinda ya Breki Mezani kwa Wakwe

Mimi nina mdomo, na kitu kinachoufungua haraka kuliko vyote ni spea feki. Nina duka Voi, si mbali na barabara kuu, na riziki yangu hasa ni magari ya zamani: yale ya Kiingereza yenye bodi isiyoshika kutu, pikapu za enzi za baba zetu, lori za pua ndefu ambazo watalii wanaokwenda Tsavo husimama kuzipiga picha. Wenye magari haya wana shida moja. Viwanda viliacha kutengeneza spea zake, kwa hivyo kila kinachopatikana leo ama ni mzigo wa zamani uliosahaulika stoo ya mtu, ama ni nakala. Na nakala yenyewe sina ugomvi nayo. Kuna nakala nzuri sana, na aliyeitengeneza huandika jina lake mwenyewe juu ya boksi bila haya. Ugomvi wangu ni na nakala inayovaa jina la mwenzake.

Watu huniletea spea walizonunua kwingine niwaambie ukweli wake. Sitozi kitu, malipo yangu ni kusikilizwa. Boksi naliweka kando kwanza, kwa sababu boksi ndilo linalodanganya zaidi, kisha naipima spea kiganjani. Halafu natafuta namba. Kwenye spea ya kweli namba imetoka kiwandani pamoja na chuma chenyewe, imeinuka, ukipitisha kidole unaisikia. Kwenye feki nyingi imegongwa baadaye, imezama, na mara nyingine imekaa upande. Raba naibinya kwa ukucha: nzuri inarudi ilivyokuwa, mbaya inabaki na alama. Lebo naisoma mwisho kabisa, nikiwa tayari nina jibu, na hapo ndipo ninapoanza kuhutubu. Niliwahi kumwambia mtu mzima mbele ya wateja kwamba ameuziwa kifuniko cha sufuria. Watu walicheka, naye akacheka kwa kulazimika, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima.

Wakwe zangu wako milimani, juu ya Mwatate, kwenye ile barabara ya kona inayopanda kwenda Wundanyi. Mimi ni wa Rukanga, mtu wa tambarare, na tangu nioe huko juu nimekuwa mkwe wa kuonyeshwa wageni. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, mpole, mwenye gari la Kiingereza lililomzidi mke wangu umri. Karatasi zinasema ni lake lakini majirani wanajua ni la wote. Linashusha wagonjwa, linashusha mboga, na kukiwa na mazishi bondeni linashusha akina mama wa kwaya wakiwa wamebanana nyuma na sare zao.

Jumamosi moja hivi majuzi tulipanda kuwasalimia, mimi na mke wangu, tukalikuta gari limeinuliwa uani kwa jeki. Kesho yake kwaya ilikuwa ishuke nalo Mwatate kwenye mazishi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye amejifunza ufundi kwa kulifungua na kulifunga gari hilo hilo, alikuwa akishughulikia breki. Gurudumu moja la mbele alikuwa ameshalitia silinda mpya, ile inayosukuma viatu vya breki ukikanyaga, lakini ilikuwa imeanza kulia mafuta. Ya gurudumu la pili ilikuwa bado kwenye boksi.

Tulipomaliza kimanga, kile chakula cha kupondwa cha huko, na kumiminiwa chai, baba mkwe akalileta boksi akaliweka mezani mbele yangu. Akaniomba kwa adabu yake ya siku zote niwaangalizie, maana yeye anadhani kijana hakukaza sawasawa, na kijana anaapa alikaza. Shemeji alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, mikono bado nyeusi kwa grisi. Mama mkwe na mke wangu walikuwa hapo hapo. Ikawa ni kesi, na hakimu ni mimi.

Kusema kweli niliifurahia kesi ile. Nililisukuma boksi kando bila kulitazama, kama kawaida yangu, nikaitoa silinda nikaipima kiganjani. Uzito haukuwa mbaya. Lakini namba ilikuwa imegongwa, na raba nilipoibinya ilibaki na alama ya ukucha mpaka nilipochoka kuitazama. Nikasema shemeji hana kosa lolote, hata angekaza kwa trekta ingevuja tu. Nikasema ile iliyokwisha kufungwa itolewe leo hii, kwa sababu ikiachia kwenye zile kona na kwaya iko nyuma, tutazika watu wengi kuliko yule waliyekuwa wakienda kumzika.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi yangu. Sikuishia hapo. Shemeji aliinama kama aliyetuliwa mzigo, na mimi nikachukua ile hali kuwa ni makofi. Nikaanza kumchambua aliyeuza kitu kile. Nikasema huyo si mfanyabiashara, ni muuaji aliyejipatia kaunta. Nikasema watu wa namna hiyo wanapenda boksi la rangi na lebo inayong'aa, hawafungui waone wamenunua nini, na baadaye wanakwenda kanisani kama watu. Nikasema nikimjua nitamwaibisha mji mzima usikie.

Hakuna aliyecheka. Nikadhani wamepigwa na butwaa, kwa hivyo nikatia chumvi zaidi. Mama mkwe akainuka akachukua birika lililokuwa bado limejaa, akaenda nalo jikoni. Baba mkwe alikuwa akikitazama kitambaa cha meza.

"Ulinunua wapi?" nikamuuliza shemeji.

Alimtazama baba yake kwanza. "Mombasa," akasema.

"Mombasa duka gani?"

"Mombasa tu, shemeji. Maduka ni mengi."

Hapo ndipo nilipolivuta boksi, nimwonyeshe jinsi ya kutambua lebo ya uongo ili siku nyingine asiibiwe. Lilikuwa boksi la kupendeza: jina la kiwanda, nchi, namba ya spea, kibandiko cha fedha kinachobadilika rangi ukikigeuza. Nikaligeuza nione chini. Kwenye kona, kwa kalamu nene nyekundu, kulikuwa na herufi ya kabati na namba ya rafu, na mwandiko ulikuwa wangu. Kati ya lebo zote za boksi lile, hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Niliikumbuka kwa mara moja katoni nzima ambamo boksi lile lilikuja. Aliniuzia mtu wa gari, mmoja wa hawa wanaopita na mizigo wakitoka pwani, mwenye maneno matamu, na alinikuta nina wateja. Nilifungua boksi moja la juu. Lilikuwa safi, silinda ya kweli kabisa ya zamani, imefungwa kwa karatasi yake ya nta. Mengine sikuyagusa. Wauza nyanya wa barabarani hupanga kreti hivyo hivyo, nzuri juu, na kila siku huwa nawagombeza. Nikalipa, nikaandika rafu, nikarudi kwenye kaunta kumweleza mtu ubaya wa spea aliyonunua kwingine. Moja nilimuuzia bwana mmoja wa Marungu anayebeba mbuzi kwa pikapu. Jumatatu baada ya Jumamosi ile nilimfuata mpaka kwake nikaitoa mwenyewe, nikamwambia kwa nini, na alinitazama kwa namna ambayo bado naiona nikifunga macho.

Lakini siku ile nilikuwa mezani, boksi mkononi, na nilitamani ardhi ipasuke. Niliinua macho nikaona kwamba wote walijua. Walijua kabla sijafungua mdomo. Mke wangu peke yake ndiye aliyekuwa hajui, na sasa naye alikuwa ameuona ule wino mwekundu, maana dukani huwa anakaa pia. Uso wake uliniuma kuliko wa mtu mwingine yeyote pale.

Niliona pia jinsi silinda ile ilivyotoka kwangu bila mimi kujua. Kwetu mkwe hawauzii wakwe. Akija shemeji dukani nitamfungia anachotaka, pesa nitaikataa, naye akirudi nyumbani ataambiwa wanamaliza duka la binti yao. Kwa hivyo walimtuma mtu wa bodaboda na ile silinda kuukuu kama sampuli, naye akanunua kama mpita njia yeyote. Namkumbuka. Nilimsifia mzigo.

Shemeji alikuwa akinitazama, na mtu yule, ambaye nilikuwa nimekaa kumfundisha, akaninyooshea mkono kwa maneno.

"Hawa watu wa Mombasa wamezidi, shemeji," akasema taratibu.

"Wamezidi," nikasema.

Ndivyo nilivyojibu. Neno moja, na kwa neno lile nikakubali abebe uongo wangu mbele ya baba yake, ndani ya nyumba yao. Chai ilikuwa imeshapoa, nikainywa yote ili nisiwe na nafasi ya kusema kitu. Mke wangu alikusanya vikombe bila kunitazama.

Nikasema nitaitoa mimi ile iliyofungwa. Shemeji akataka kunizuia kwa sababu nilikuwa na shati la kutembelea, nikamwambia akae apumzike, na nadhani nilimjibu kwa ukali, kwa sababu hata kwenye aibu hasira yangu haikosi mahali pa kukaa. Gurudumu lilikuwa limeshatolewa. Nilitandika gunia nikaingia chini ya gari kufungua bomba la mafuta kwa upande wa ndani, nikafurahi kwamba chini kule hakuna anayeweza kuniona uso. Mafuta ya breki yalinidondokea kwenye kola. Raba ya silinda ilikuwa imevimba tayari, laini kama ugali uliolala kwenye maji, na ingekuwa kesho, na kona zile, na wale akina mama.

Nikaona viatu vya baba mkwe vikija, vile vyeusi anavyovipiga rangi hata siku ya kukaa nyumbani. Vilisimama karibu na kichwa changu. Akasema kwa sauti ya chini, ya kutosikika ndani.

"Mkwe, huyu kijana hakwenda Mombasa."

"Najua, Baba," nikasema. "Ni yangu. Ile ya mezani na hii. Zimetoka kwangu."

Nilifikiri atanikaripia, na nilikuwa tayari, hata nilikuwa nalitaka lile karipio. Mtu aliyesomesha watoto maisha yake yote anajua kukaripia.

"Mimi ndiye niliyemwambia atume mtu," akasema. "Ningekuja mwenyewe ungenipa bure. Huku juu wananiambia ukinunua kwa mkwe wako huna haja ya kuuliza mara mbili. Na mimi nikataka, hata mara moja tu, ninunue kwako kama watu wengine."

Silinda ilikuwa imeshatoka, iko kifuani kwangu, na bomba nilikuwa nimelifunga lisivuje. Baba mkwe aliinama, mkono mmoja ameshika bodi ya gari, mwingine akaunyoosha chini ili anivute nitoke. Niliuona mkono ule, safi, umefunguka, nikamwambia anipe dakika moja, kuna nati imekwama. Nati zote nilikuwa nimeshazitia mfukoni.