Magunia Kando ya Kitanda

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, vumbi la barabara ya machimbo limeifanya Kolwezi nzima kuwa rangi moja, na mama yangu anateremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu akiwa na kuku mkononi. Nitakusimulia habari ya mchana ule nikiwa nimekupa mgongo, kama unavyoona. Wewe ni mume wa binti yangu, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na mama mkwe haingii kamwe chumba wanacholala binti yake na mumewe. Anayevunja mwiko huo hulipa faini ya kuku. Najua ninyi vijana mnaona ni mambo ya zamani. Juzi nilikusikia ukicheka nilipokimbilia nyuma ya jiko baada ya wewe kutokea ghafla. Cheka tu, ila leo nisikilize.

Wakati ule nilikuwa na umri kama wa mke wako. Mume wangu, Ilunga, ambaye hukubahatika kumkuta, alikuwa mchimbaji kama wewe. Asubuhi alishuka kwenye mashimo ya kobalti, na mimi nilikwenda mtoni na wanawake wenzangu. Tulisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, tukiosha mawe waliyoyatoa waume zetu. Yakishaoshwa tuliyatia kwenye magunia. Uani yangeibiwa, kwa hiyo tuliyapanga chumbani, kando ya kitanda, tukingoja bei ipande depo, kwenye maghala ya wanunuzi wa mawe. Bei ikagoma kupanda. Tukalala na magunia yale miezi mingi, hata ikawa kila nikiamka nafuta unga mweusi kwenye mto wa kulalia kabla ya kutandika.

Kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya kwanza niliilia. Ya pili sikulia, niliogopa tu. Kwa hiyo ya tatu niliificha. Unajua tulivyo hapa: ukiitangaza mimba mapema, watu husema umeiweka machoni pa wabaya. Nikawa navaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na mtoni naenda kama kawaida, maana mwanamke akiacha mto ghafla wenzake hujua siku hiyo hiyo. Kupimwa sikwenda, kwa sababu benchi la wajawazito lina macho mengi kuliko soko. Ilunga nilimwambia, lakini nusu nusu, na niliposema niko salama aliniamini, kwa jinsi alivyotaka iwe hivyo.

Mama yangu aliishi Kasaji, akilima mahindi na mihogo. Siku hiyo alikuja bila taarifa, akanikuta ndiyo kwanza natoka mtoni, nguo zimenigandama mwilini. Vitenge vilivyoloa havifichi kitu, hata uvae vinne. Hakunisalimu. Alinitazama tumbo, kisha uso.

"Mimba iko ya myezi ngapi?"

"Siyue muzuri, mama."

"Ulishaenda ku lopitalo?"

"Hapana. Naogopa midomo ya bantu."

"Midomo ya bantu unaogopa. Na mayi ya mawe, unasimamamo kila siku, ile hauogope?"

Nilianza kulia, na sikulia kwa kukemewa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaja mtoto yule kama mtu aliyekwisha kufika, anayestahili kuulizwa habari zake.

Wakati huo mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi, na mama akayaona magunia. Alikaza kitenge chake, akavua viatu akaviweka pembeni, akaelekea chumbani. Nilimshika mkono.

"Mama, ni chumba ya mukwe wako."

"Najua ni chumba ya nani."

Akaingia. Nilisikia gunia la kwanza likiburutwa kwenye sakafu, na moyo wangu nao ukaburutwa. Nilitamani kukimbia. Alikuwa ametoa matatu, kichwa kimekuwa cheusi kwa vumbi, anakohoa, Ilunga alipotokea uani akirudi kutoka machimboni.

Ilunga aliona aibu kuliko kama angemkuta mwizi. Alifanya alivyofundishwa: akageuka, akatazama ua wa jirani, akafunika macho kwa mkono. Mama naye alipaswa kusema kupitia kwangu. Akaanza hivyo: "Ambia bwana yako…" Kisha akaweka gunia chini, akazunguka mpaka akawa mbele yake, uso kwa uso.

"Tata Ilunga," alisema, "leo navunja mwiko, na mi mwenyewe nitalipa. Kuku ni ile pale. Nilimuleta juu ya binti yangu akunywe supu, sasa ni faini yako. Lakini batoto babili balishapotea mu hii nyumba. Wa tatu anakula hii vumbi mbele ya kuona jua. Kama mwiko unasema nimuache, basi mwiko ungoje, mutoto aishi kwanza."

Ilunga alifuta macho kwa mkono wenye udongo, na udongo ukabaki usoni. Kisha akaingia chumbani, akambebea mama yangu gunia lililobaki mlangoni, na kwa sauti ndogo akasema, "Pumzika, mama. Ile kazi ni ya mi."

Kesho yake aliyapeleka magunia yote depo, akauza kwa bei ile ile aliyokuwa akiikataa. Wenzake walimwona mjinga. Tangu hapo alioga na kubadilisha nguo uani kabla ya kuingia ndani, na mimi kazi ya mtoni nikaiacha. Aliniambia tutakwenda wote kupimwa, na tukaenda kweli. Alikaa kwenye benchi katikati ya wanawake, magoti yamebana, na mmoja akamtania, "Tata, weye njo uko na tumbo?" Akajibu, "Ni yetu bote babili." Nilimpenda upya siku ile, nakwambia bila haya.

Muuguzi alisema damu yangu imepungua. Alinipa vidonge, akaniambia nile maharagwe, majani ya sombe, samaki na mayai. Wanawake wa mtaa wakasema mayai yatanizalia mtoto asiye na nywele. Mama alicheka, kwa maana kuku wa faini Ilunga alikataa kumchinja, na alikuwa akitaga vizuri. Nilikula mayai yale mpaka nilipojifungua. Mtoto yule ndiye mke wako. Nywele zake unazijua wewe, unayemnunulia machanuo.

Sasa nisikilize vizuri. Leo asubuhi nilipokuja kumsalimu mke wako, mlango wa chumba chenu ulikuwa wazi. Nimeona magunia manne kando ya kitanda. Nimeona na vitenge viwili alivyovaa binti yangu, na mimi si wa kufichwa kwa mbinu niliyoitumia mwenyewe. Mwanangu, mtoto hasubiri kuzaliwa ndipo aanze kuishi. Anaishi sasa, katika kile anachokula mama yake, katika maji anayosimama na maneno anayoambiwa akiwa amechoka. Mpeleke akapimwe wiki hii, na ukae naye kwenye benchi. Mtoto akikataa kukua tumboni, watu humtazama mama, lakini mara nyingi lile gunia aliingiza baba. Msaidie kubeba maji. Usimletee ugomvi wa shimoni nyumbani.

Na ninyi wote mnaochimba hapa, fikirini. Mawe haya yanapakiwa kwenye malori yanakwenda zake, hatujui hata yanafikia wapi. Watoto ndio wanaobaki. Kesho ndio watakaofundisha shule za hapa, ndio watakaotuzika. Mji unaowatunza kabla hawajazaliwa unajitunza wenyewe, na usiowatunza utakuja kujiuliza afya ya watu wake ilipotelea wapi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mtoto mzito wa kubeba na mwepesi wa kulea, akuache umwone akikimbia uani huku mama yake anamwita ndani ale bukari. Sina la kuongeza.

Ila nimekuja na kuku. Yuko pale mlangoni, amefungwa miguu. Ukiyatoa magunia mwenyewe, mayai yake ni ya mke wako. Jua likigeuka bado yamo chumbani, kuku ni faini, na mimi nitavua viatu.